Konsoli ya zamani kwa bei ya leo: ninunue au niache?

Shikamoo Mjomba,

Pole na kazi. Nina miaka 38, nina mke na watoto wawili, na jambo ninalokuletea nyumbani kwangu limeshageuka kichekesho.

Nimetunza Nintendo 64 tangu utotoni. Niliirithi kwa kaka yangu alipohamia PlayStation. Kanda ninazo nne: Super Mario 64, Mario Kart 64, GoldenEye 007 na The Legend of Zelda: Ocarina of Time. Enzi za TV ya chogo sikuwa na shida yoyote. Tulipohamia TV bapa, kubwa, nikaichomeka konsoli kwa mbwembwe, na mbwembwe zikaishia hapo hapo. Picha imefifia, kingo zinatetemeka, na Mario anaruka nikishamaliza kubonyeza, si ninapobonyeza. Anatumbukia shimoni na wanangu wanacheka.

Sasa nimeiona Analogue 3D, konsoli mpya ya kampuni ya Analogue. Inapokea kanda zangu zilezile, inatoa picha ya 4K kwa HDMI, na kila anayeizungumzia anaisifu. Bei iliyotangazwa mwanzoni ilikuwa dola 249.99, bila pedi na bila usafirishaji. Hela nimeshaanza kudunduliza. Lakini kila ninayemwambia ananirudisha nyuma. Mke wangu anauliza, "Hizo gemu si zipo hata kwenye simu?" Mdogo wangu, ambaye kompyuta ndiyo kazi yake, anasema natupa hela kwa sababu FPGA, ile chipu iliyomo ndani yake, ni emuleta (programu ya kuiga konsoli) iliyovaa suti, na yeye anacheza hizohizo kwenye laptopu bila kutoa hata senti. Rafiki yangu mmoja naye anasema kwa kampuni zimekwisha, ila ananiuzia ya kwake, mpya, kwa dola 400, eti nisichelewe maana zitapanda.

Mjomba, niambie bila kunionea haya. Kuna thamani ya kweli pale au nanunua utoto wangu kwa bei ya rejareja? Na je, niiuze ile konsoli ya zamani nifidie? Mke wangu bado hajaijua bei kamili.

Mpwa wako,
Kanda Nne

*

Marahaba, mpwa wangu.

Tuanze na TV, maana huko ndiko ugonjwa uliko, na dawa mojawapo haina gharama.

Gemu nyingi za Nintendo 64 hutoa picha yenye mistari 240. TV ya chogo iliichora mistari hiyo papo kwa papo, jinsi ilivyokuwa inafika. TV bapa haifanyi hivyo. Inaipokea picha, inaishika, inaichunguza, inaitanua ijaze kioo, ndipo inaionyesha. Mbaya zaidi, TV nyingi za sasa huichukulia mistari hiyo 240 kuwa nusu ya picha ya mistari 480 iliyokatwa vipandevipande, zikaanza kuiunga wakati hakuna cha kuunga. Ndiyo ile mitetemo unayoiona kwenye kingo. Kisha kuna muda unaopotea: gemu hizi hutolewa kwa kipimo cha picha 60 kwa sekunde, yaani kila picha ina milisekunde kama 17 hivi. TV ikikaa na picha milisekunde 100 kabla ya kuionyesha, umeshachelewa picha sita. Shimo la Mario halisubiri picha sita.

Kwa hiyo leo usiku, kabla ya dola yoyote kutoka mfukoni, ingia kwenye menyu ya TV utafute hali ya gemu uiwashe. Huzima mapambo mengi yanayochelewesha. Picha haitapendeza zaidi, lakini Mario atakusikia mapema. Pili, tazama kebo. Kama unatumia ile yenye kichwa cha njano, tafuta ya S-Video ikiwa konsoli yako na TV yako vinaipokea. N64 nyingi zinaitoa na tofauti inaonekana kwa macho. Vile viboksi vya bei chee vya kugeuza AV kuwa HDMI viache. Vingi vina kosa lilelile la kuunga kisichokatika, na vinaongeza ucheleweshaji wake juu ya ule wa TV. Viboksi vizuri vipo, vya RetroTINK kwa mfano, lakini ukipanda hadi RetroTINK 4K ya mwaka 2023 unazungumzia dola 750, na hapo Analogue 3D inaanza kuonekana rahisi.

Ukifanya hayo na ukaridhika, funga barua hii ukacheze. Sitakuchukia.

Hujaridhika? Basi tumwendee mdogo wako, kwa sababu amesema neno lenye ukweli nusu, na huo nusu ndio unaouza na kuua mashine hizi.

Emuleta ni mkalimani: gemu inaongea lugha ya N64, programu inasikiliza, inatafsiri, inaipa laptopu amri zake. FPGA ni chipu ambayo saketi zake hupangwa upya ili yenyewe iongee lugha hiyo moja kwa moja, sehemu zote zikifanya kazi kwa wakati mmoja kama zilivyofanya mwaka 1996. Hiyo ndiyo tofauti, na ni ya kweli. Ila mdogo wako yuko sahihi kwamba hata FPGA ni mwigo. Hakuna aliyeimimina Nintendo 64 ndani ya chipu. Wahandisi wameichunguza mashine ya zamani, wakaandika jinsi inavyofanya kazi, na palipo na kosa katika kuandika, gemu itakwama vilevile. Ndiyo maana mashine hizi hupata masasisho. Neno FPGA kwenye tangazo halihakikishi ubora. Linakueleza njia iliyotumika tu.

Na kuna mahali ambapo laptopu ya mdogo wako inaishinda Analogue 3D peupe. Gemu ya pikseli 320 kwa 240 ikitanuliwa kwenye kioo cha 4K, kila pikseli inatandazwa kuwa 9 kwa 9, yaani 81. Analogue 3D inaitanua kwa ustadi, na ina mitindo ya kuiga TV za chogo, mistari yake na mng'ao wake, ambayo nadhani ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kuwa na 4K kwenye gemu ya zamani: unahitaji pikseli nyingi ili kuiga vizuri kioo kisichokuwa na pikseli. Lakini umbo lenyewe linabaki lile la pikseli 320. Emuleta inaweza kulichora umbo upya kwa ukubwa wa kioo chako, kingo za kofia ya Mario zikawa kali kama zimekatwa kwa wembe. Kofia itang'aa, ila nyasi chini ya miguu yake zitabaki ukungu, kwa sababu N64 ilikuwa na kilobaiti 4 tu za kuwekea picha za kuvalisha maumbo, na wachoraji walilazimika kutumia vipande vidogo mno. Wengine wanaipenda hiyo sura mpya. Mimi naona kofia na nyasi zinakuwa kama zimetoka gemu mbili tofauti, lakini hayo ni macho yangu.

Uaminifu pia una gharama yake. GoldenEye ya 1997 ilikuwa nzito kwa mashine yenyewe. Milipuko ikianza, picha zilikuwa zinajikokota. Mashine inayoiga N64 kwa uaminifu inaiga na kujikokota huko, isipokuwa uingie kwenye mipangilio uiongezee kasi. Usije ukanunua, ukawasha, ukadhani umeuziwa mbovu.

Sasa, unalipia nini hasa katika zile dola 249.99? Kwa maoni yangu unalipia tundu. Tundu la kanda, na matundu manne ya pedi za zamani, vilivyounganishwa na HDMI bila fundi katikati. Picha nzuri unaweza kuipata kwingine kwa bei ndogo. Usahihi wa FPGA nao upo kwingine: mradi wa MiSTer, unaotumia ubao wa DE10-Nano, ulipata N64 yake mwaka 2023, kwenye chipu ya elementi za mantiki (vijisehemu vinavyopangwa kuwa saketi) 110,000, wakati Analogue 3D ina chipu ya 220,000. MiSTer inacheza na makumi ya mashine nyingine. Haina tundu la kanda. Analogue 3D inacheza N64 peke yake, na kanda yako unaichomeka kama ulivyoichomeka ukiwa na miaka kumi.

Ndiyo maana sikuulizi kama unapenda N64, nakuuliza kuhusu kanda. Mwenye kanda thelathini na tabia ya kuzicheza, tundu hilo kwake ni mali. Asiye na kanda hata moja, akaja kuanza kuzitafuta, huyo ameingia biashara nyingine kabisa: kanda feki ni nyingi, za kweli zinazotafutwa hazishikiki, na konsoli ya dola 249.99 inakuwa ndiyo kitu cha bei ndogo kwenye rafu. Wewe uko katikati, na zako nne ni nne nzuri. Zote nne zinahifadhi maendeleo yako ndani ya kanda yenyewe, kwa hiyo utazihamishia kwenye mashine mpya ukute umeishia palepale. Hilo emuleta ya mdogo wako haikupi mpaka ununue kifaa cha kunakili.

Na usimruhusu anayesema bure aseme bure bila maelezo. Emuleta zenyewe ni halali, na tangu Aprili 2024 hata Apple inaziruhusu kwenye duka lake la programu. Nakala za gemu ndizo zenye hakimiliki, na kuzipakua ovyo ni kosa katika nchi nyingi. Njia halali ya bei ndogo ipo kwa mwenye Nintendo Switch: usajili wa ngazi ya juu wa Nintendo, dola 49.99 kwa mwaka, una maktaba ya gemu za N64 tangu Oktoba 2021, na GoldenEye iliongezwa Januari 2023. Ukiacha kulipa, gemu zinaondoka. Waliozoea kununua gemu za kupakua kwenye Wii U na 3DS, konsoli nyingine za Nintendo, walikuta duka limefungwa Machi 2023. Kanda haifungiwi duka. Hoja hiyo naipa uzito kuliko 4K.

Rafiki yako wa dola 400 mwambie asante. Mwaka 2016 Nintendo walitoa NES ndogo yenye gemu 30 kwa dola 59.99. Ikaisha madukani, wachuuzi wakaipandisha maradufu na zaidi, na Aprili 2017 Nintendo wakatangaza kuacha kuitengeneza. Watu wakalipa kwa hofu. Juni 2018 ikarudi madukani kwa bei ileile ya mwanzo. PlayStation Classic ya Desemba 2018 ilianza kwa dola 99.99, na ndani ya wiki chache maduka yakawa yanaishusha yenyewe, na moja ya malalamiko ilikuwa kwamba gemu kadhaa ndani yake zilikuwa matoleo ya Ulaya yanayokwenda kwa picha 50 badala ya 60. Mambo haya hupanda na kushuka. Anayekuharakisha ana sababu yake.

Tatizo la Analogue si uhaba, ni subira. Pocket, konsoli yao ya mkononi, ilitangazwa Oktoba 2019, ikaanza kufika mikononi mwa watu Desemba 2021. Hii 3D waliitangaza mwaka 2023 wakisema itatoka 2024, ikatoka Novemba 2025. Hutengeneza kwa mafungu: fungu linaisha, watu wanalia, fungu jingine linakuja. Bei ya fungu lijalo inaweza kubadilika kidogo, na Pocket yenyewe ilitangazwa kwa dola 199.99 ikapandishwa hadi 219.99, lakini dola ishirini si mia na hamsini.

Mama watoto sasa. Mpwa wangu, umeandika kwamba hajaijua bei kamili, na nikisoma barua yako hata wewe hujaijua. Kaa uandike: mashine 249.99. Pedi isiyo na waya ya 8BitDo iliyotengenezwa kwa ajili yake, 39.99. Usafirishaji. Ushuru, kama unakoishi unatozwa. Pedi ya pili, kwa sababu Mario Kart ya mtu mmoja ni upweke na una watoto wawili. Mpe karatasi hiyo nzima, si mstari wa kwanza. Akisema hapana, angalau atakuwa amekataa kitu kinachojulikana. Akisema ndiyo halafu kila wiki kikatokea cha kuongeza, hapo ndipo ugomvi wa kweli unapozaliwa, na mimi barua za aina hiyo ninazipata nyingi kuliko za gemu. Kuhusu simu, ana hoja, ila mwombe acheze GoldenEye dakika tano kwa kugusa kioo. Ataelewa.

Uamuzi wangu basi. Usinunue mwezi huu. Washa hali ya gemu, badilisha kebo, na ucheze hizo nne ulizonazo jioni unapokuwa na nafasi. Mwezi ukiisha, jiangalie bila kujidanganya: konsoli imekuwa ikiwashwa, au imekaa pale chini ya TV ikipigwa picha? Kama imewashwa, na watoto wanagombania zamu, na kero iliyobaki ni picha tu, nunua kwa amani fungu jingine likitoka. Bei ni kubwa lakini kitu chenyewe kimetengenezwa vizuri na kitatumika. Kama imekaa tu, mashine ya 4K haitakufanya uicheze. Itakaa nayo pembeni ya hiyo.

Ya zamani usiiuze. Haitakulipa nusu ya mpya, na vitu viwili ndani ya furushi lake utavihitaji. Kwanza pedi. Matundu ya 3D yanazipokea, lakini zako zina umri. Shika kijiti cha katikati ukitikise: kikilegea na kulala upande, ukaona unga mweupe kwenye kikombe chake, ni plastiki iliyosagana kwa miaka ya kuzungushwa. Mabakuli na vijiti vya kubadilisha vinauzwa, na ni kazi ya bisibisi na saa moja ya utulivu. Pili kanda. Usizipulize, mate yako ndiyo yanayozila chuma. Chukua kijiti cha pamba, kichovye kwenye spiriti kali ya kusafishia vifaa vya umeme, usugue meno ya shaba mpaka pamba itoke nyeupe. Pamba ya kwanza itatoka nyeusi, usishtuke, na usichomeke kanda yoyote kwenye mashine mpya kabla ya kufanya hivyo.

Zelda ifanyie jambo la ziada. Tofauti na Super Mario 64, inayoandika kwenye chipu isiyohitaji umeme, Ocarina of Time huhifadhi maendeleo kwa betri ndogo iliyochomelewa ndani, na betri ya miaka ya tisini mwishoni imeshaishi muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Ikifa, gemu itacheza lakini haitakumbuka chochote. Kuibadilisha ni kazi ya fundi mwenye chuma cha kuchomelea, si yako na mkanda wa gundi. Na ikitolewa, kilichohifadhiwa kinafutika, kwa hiyo kama kuna hekalu ulilokuwa umeliacha, limalize kabla hujaipeleka.